Kupangwa Jozi Moja na Mama Mkwe

Ndugu Mwenyekiti wa Waamuzi wa Aikido,

Natumai u mzima, na magoti yako pia. Mimi ni yule fundi bomba aliyetoka ukumbini Jumamosi akichechemea huku ninyi mkipiga makofi. Naandika kwa heshima zote na kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado unauma.

Nilijiunga na klabu yenu ya aikido, mchezo huo wa Kijapani wa kuangushana, kwa sababu moja tu. Mama mkwe wangu, mkunga mstaafu, alihamia kwetu, nami nikatafuta mahali pa kupumulia mara mbili kwa wiki. Mwezi wa pili naye akajiunga. Mwezi wa tatu mkatupanga jozi moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlisema mmetupanga kwa sababu tunalingana kimo. Kimo! Mtu na mkwewe mnawapima kwa futi kama vitanda? Hekima hiyo mliichota kisima gani, nasi tukachote?

2. Mashindano yenyewe ni ya magoti. Wawili wanapiga magoti wakielekeana, mmoja anashambulia, mwenzake anamwangusha, kisha wanabadilishana. Mimi nimepiga magoti chini ya masinki ya watu miaka kumi na tisa bila kuvishwa medali. Hilo nasamehe. Lakini mama mkwe apige magoti mbele yangu! Nikainamisha macho, kama nilivyofunzwa na mama aliyenizaa. Mwamuzi wenu akaandika: "Hamtazami mwenzake." Nikakatwa alama mbili kwa kosa la kulelewa vizuri.

3. Kanuni yasema mkono ushikwe "kwa nguvu ya kiasi". Mkono wa mama mkwe umewatoa watoto duniani miaka thelathini na miwili, wengine wakiwa hawataki kuja. Kiasi haukijui.

4. Zamu yangu ya kumwangusha ilipofika, niligusa kiwiko chake, nikasema, "Samahani, mama." Alama nyingine ikaenda, eti nimeongea. Naye hakuanguka. Aliniambia, ukumbi mzima ukisikia, "Baba, ukinishika hivyo nitaanguka mwakani." Zamu yake ilipofika, nilijikuta uso mkekani kabla sijajua nimeshikwa wapi. Nikasikia mke wangu akishangilia. Nikainua kichwa nimpungie mkono, kumbe anamshangilia mama yake.

5. Nyumbani sasa hakukaliki. Nikifungua mlango, naambiwa nguvu itoke kiunoni. Nikiinuka mezani, naambiwa ninyooshe mgongo. Na video ya pambano letu imeshasambaa: jana nilipoingia chini ya sinki, mteja aliniuliza kama mama ameniruhusu kupiga magoti.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Mkwe ahesabiwe kuwa daraja la uzito la peke yake. Mimi nipangwe na mtu baki, hata akiwa mwizi. Na jopo zima la waamuzi lije kwangu, lipige magoti sebuleni, limweleze mama kwamba jozi imevunjika. Mimi sithubutu.

Wasalimie waamuzi wote, mfagiaji wa ukumbi, na yule dada wa huduma ya kwanza aliyenifunga bandeji huku akijizuia kucheka. Hakufaulu.

Wako mtiifu, mwenye maumivu,

Fundi Bomba,
Jozi Namba Saba

N.B. Nimepata ujumbe wako sasa hivi kwamba umeshanitafutia mwenza mpya, karani wa posta. Tafadhali mwambie asijisumbue. Pamoja na barua hii utakuta fomu ya mashindano yajayo, tumeshaijaza mimi na mama. Ni hivi: Jumamosi tulipokuwa tunatoka, mlinzi wa getini alimuuliza mama mimi ni nani wake. Miaka minane akiulizwa hivyo hujibu, "Huyo ni bwana wa binti yangu," basi. Safari hii alisema, "Huyu ni mwenzangu," akanipokonya begi, akalibeba yeye mpaka nyumbani.