Mgonjwa Aliyejileta Gatini

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mkufunzi wetu ametangaza kwamba Jumatano tunavuka kwenda kisiwa kidogo. Ni yule mama tunayemwita Kamanda, kwa sababu hata "habari za asubuhi" yake hutoka kama amri. Mazoezi ya vitendo, kasema. Tupite nyumba kwa nyumba tuulize nani ameharisha, tukague visima, turudi na taarifa. Kasema maafisa afya wapya wa visiwani hawafanyi kazi wakiwa wamekaa.

Mimi kukaa nakupenda. Boti siipendi. Bahari ikitikisika kidogo tu, tumbo langu linahamia kooni. Safari ya kuja huku nilimtapikia mganga mkuu viatu. Vyeupe!

Miwani kapiga makofi. Huyo ndiye mpinzani wangu darasani, mtu wa kunyoosha mkono kabla swali halijaulizwa. Anautaka uongozi wa kikundi. Nami nautaka, ila niupatie nchi kavu.

Nimerudi kwa shangazi, dada yake baba, anayenihifadhi muda wote wa mafunzo. Anauza chakula katika chumba cha mbele, na wapakuaji mizigo wa gatini wote wanakula kwake. Nikala, nikaongeza, akili ikafunguka. Mpango upo. Jumatano nitaumwa tumbo!

Jumatano, 5 Machi

Nimefika gatini nimejikunja kama ndoano. Nikasema naharisha tangu alfajiri, maji matupu. Nilitegemea pole. Nilitegemea kuambiwa nikalale.

Nilisahau naongea na nani! Watu hawa wamesomeshwa magonjwa ya kuharisha mpaka wanayaota, na mgonjwa hawajamwona hata wa kuchorwa. Macho yakawang'aa. Miwani alikuwa ameshavaa glavu kabla sijamaliza kueleza. Kamanda akaahirisha safari papo hapo. Ya nini kuvuka maji kumtafuta mgonjwa, kasema, na mgonjwa amejileta mwenyewe?

Wameniweka katika stoo iliyogeuzwa wodi. Nina ndoo, na jagi la maji ya chumvi na sukari. Nikimaliza glasi, wanajaza. Miwani ndiye kiongozi wa uchunguzi. Kaniletea kikopo chenye mfuniko, na kwa heshima zote kanieleza kwamba maabara inasubiri choo changu.

Sina! Hofu imenifunga kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Bado. Miwani haachi kubisha mlango kuuliza kama kuna matumaini.

Kisha yakaja maswali. Nilikula nini, wapi, nani alipika. Kichwa kilikuwa kimejaa maji ya chumvi, nikajibu bila kufikiri: kwa shangazi.

Mdomo huu! Kufika adhuhuri walikuwa wameshafunga chumba chake cha chakula. Utepe mwekundu mlangoni, masufuria yamejaa, wapakuaji mizigo nje wakishikashika matumbo na kutazamana. Neno kipindupindu limetoka gatini na kufika sokoni kwa miguu yake lenyewe. Nani atakula tena kwa mwanamke aliyewekewa utepe? Na tangu afiwe na mumewe hana kazi nyingine, ni lile jiko tu.

Tumbo linaniuma. Sasa hivi linauma kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kaja dirishani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Unaumwa?"

Nikajibu kwamba naumwa, shangazi.

"Asubuhi hiyo ya kuumwa kwako, nani alikunywa uji mabakuli mawili akaomba la tatu? Mgonjwa gani huyo, baba'ngu?"

Nikaukagua ukuta.

"Nisikilize vizuri. Kesho mlango wangu uwe wazi. Usipokuwa wazi, namfuata mwalimu wako, na nitaanzia kwenye uji."

Nilifikiria kumwambia Kamanda ukweli. Nililifikiria hilo kwa dhati, mpaka nikapata wazo bora zaidi. Lawama nikakitupie kitu kisicho na jiko wala ulimi: tangi la maji lililo juu ya paa la chuo! Nikamwita Miwani, nikamnong'oneza kwamba ndiyo kwanza nakumbuka, nilikunywa maji ya tangi, nayo yalikuwa na ladha ya ajabu. Uongo mtupu. Yana ladha ya maji.

Miwani akapanda ngazi. Tukasikia ukelele.

Mfuniko ulikuwa umepeperushwa na upepo. Ndani alielea kunguru, na alikuwa amekufa zamani.

Halafu wote kwa pamoja wakaikumbuka chai ya mapumziko. Kamanda, ambaye huwa hahesabu vikombe, akaketi taratibu kwenye ngazi. Hadi jioni wodi yangu ilikuwa imepata wageni wanne, na wao hawakuwa wanaigiza. Nilipowasikia wakigombania mlango wa choo, hofu mpya ikanifungua. Kikopo kimepata kitu!

Jumamosi, 8 Machi

Utepe umetoka, nami nimetolewa wodini! Kamanda kaubandua kwa mkono wake. Wamelikagua jiko la shangazi kona hadi kona: maji yanachemshwa, vyombo vinakaushwa juani, hakuna mteja hata mmoja aliyeugua. Kisha Kamanda akaketi kwenye benchi mbele ya wapakuaji mizigo, akaagiza chakula, akala, akaagiza tena. Akatangaza kwa ile sauti yake kwamba jiko hili ni safi kuliko chuo chake, na mwenye maneno amfuate yeye. Wapakuaji wakatazamana, wakaingia. Foleni ikafika barabarani.

Shangazi kanitazama kwa juu ya upawa. Kanipakulia. Kidogo sana, lakini kanipakulia!

Nikatoka nje nikalia. Miwani kadhani nimeishiwa maji mwilini, kaniletea jagi.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu ya maabara yametoka. Si kipindupindu! Wale wanne wamepona na wanalalamikia chakula. Tangi limesuguliwa, limetiwa dawa, mfuniko umefungwa kwa waya.

Kamanda kanisimamisha mbele ya darasa. Kasema nisingeugua mapema, chuo kizima kingelala chali. Kibaya zaidi, tungevuka nao ugonjwa hadi kisiwa kidogo, kwenye vikongwe na vichanga, kule ambako hata zahanati hakuna. Baridi ikanipita mgongoni. Halafu raha. Raha tupu! Sijaharibu jiko la mtu, sijaua mtu, na napigiwa makofi.

Miwani peke yake kauliza kwa nini choo changu hakikukutwa na kitu chochote. Kamanda kamwambia akae chini. Miili ya vijana, kasema, hupambana.

Jumanne, 11 Machi

Tumevuka. Bahari tambarare kama sakafu! Nimekwenda salama na nimerudi salama. Aliyetapika ni Miwani. Nimemshikia miwani yake kwa upole mkubwa sana.

Jumatano, 12 Machi

Kundi jipya la maafisa afya linaingia Ijumaa. Kamanda anataka mmoja wetu awape nasaha juu ya ukweli katika kutoa taarifa: kusema ulichokiona, si ulichotamani kukiona. Mkono wa Miwani ulikuwa njiani. Wangu ulishafika! Nimepewa mimi.

Nimeshika kalamu tangu mchana, na neno haliji hata moja. Lakini roho yangu imetulia tuli, maana mpango upo. Ijumaa asubuhi sauti itakuwa imekauka. Nitashika koo, nitakohoa mara mbili tatu, nitamwonyesha Miwani kwa kidole. Atasimama yeye, ataongea yeye, nami nitashukuriwa kwa kujitahidi ingawa naumwa.

Wageni wenyewe, nasikia, wanaanza na somo la magonjwa ya koo na kifua. Hayo hayanihusu.