Wiki Yangu na Darubini ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, salamu sana. U hali gani? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila roho haijatulia. Mwenyekiti wa klabu yetu ya kulenga shabaha ametangaza kwamba atakayeshika mkia Jumamosi atapelekwa shimoni mwaka mzima, kule chini ya shabaha, kazi yake kubandika karatasi wenzake wakipiga. Hakutaja jina. Aliniangalia tu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye bingwa wetu. Ana bucha mwisho wa barabara yenye duka langu la magodoro. Alinifariji kwamba shimoni kuna kivuli kizuri. Nikamwambia asante. Moyoni sikusema asante.

Jioni nikamwendea muuza vifaa. Nikamweleza kwamba ile darubini mpya ya bunduki kwenye kabati lake la kioo, yenye bei ya kiwanja, inahitaji mtu mzoefu wa kuijaribu na kuiandikia maoni. Akauliza mzoefu huyo ni nani. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Amenipa wiki moja. Sharti lake: nianze na ukuzaji mdogo, niitafute shabaha yangu kwanza, ndipo niongeze. Nimeitikia. Lakini nani hupewa gari la kifahari akalisukuma kwa mikono?

Jumanne, 4 Machi

Majaribio. Bunduki imefungiwa klabuni, kwa hiyo nilichukua darubini peke yake, nikapanda juu ya rundo la magodoro, nikalala kifudifudi, nikaielekeza dirishani. Ukuzaji hadi mwisho. Nikaona mishono ya shati la mtu aliye mbali kabisa. Kifundo cha juu ukikizungusha kinalia tik, tik, kama saa ya tajiri.

Mteja aliingia akauliza kama nauza. Nikamwomba asizibe mwanga. Akaondoka.

Mara nikamwona shemeji amelala kitini buchani, mdomo wazi, saa za kazi. Nikaenda mbio kumsalimia kwa maneno niliyoyaandaa. Kumbe shemeji yu macho, anakata mbavu. Aliyelala ni mzee wa watu, yuko kwa kinyozi, mlango wa pili. Kinyozi akataka kujua nina ugomvi gani na mteja wake.

Darubini haina kosa. Milango ya mtaa huu imebanana mno.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Nimeifunga darubini kwenye bunduki, nikairekebisha mpaka risasi inakwenda pale pale msalaba wa ndani unapotazama. Uwanjani palikuwa na shabaha moja tu, mita mia nane. Risasi zote ndani ya duara. Shemeji akauliza nimeiiba wapi. Nikasema ni kazi ya utaalamu.

Mke wangu amefurahi. Alisema, "Baba watoto, mshinde tu. Kombe la kaka nimelifuta vumbi pale kwa mama mpaka nimechoka." Kisha akaichukua darubini, ambayo nimerudi nayo nyumbani na Jumamosi itarudi pale pale kwenye bunduki, akachungulia nje, akauliza hiyo nyumba anayoiona ni ya nani. Nikamwambia hiyo si kazi ya darubini.

Jumamosi, 8 Machi

Niliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mimi shabaha namba saba, shemeji namba nane. Muuza vifaa alipita akaninong'oneza nipunguze ukuzaji. Nikaitikia. Ukuzaji hadi mwisho.

Shabaha ikajaa jicho zima, hata kibao cha namba hakikuonekana. Nikapiga risasi zangu kumi kwa utulivu ambao sikujua ninao. Tundu katikati. Lingine katikati. Matundu yalipozidi risasi nilizopiga nikajua ni baraka, nikashukuru kimoyomoyo.

Wote walipomaliza, simu ikaja kutoka shimoni. Mwenyekiti akasikiliza, akaomba warudie. Namba saba: safi, kama imetoka dukani. Namba nane: matundu ishirini. Na kanuni inasema yakizidi, mwenye shabaha anahesabiwa kumi yaliyo bora. Naamini nane kati ya hayo kumi bora ni yangu.

Kombe kwa shemeji. Shimo kwangu.

Shemeji alinikumbatia mbele ya watu. Alisema anao ndugu wa tumbo moja, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumtendea hivi.

Nyumbani mke wangu akamimina chai yangu, akaiweka mbele ya kiti ambacho sikukikalia. Nilipouliza, akajibu kwamba alidhani ndivyo ninavyopenda.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka ibadani nikiwa mwepesi. Mahubiri yalihusu mtu kujitazama mwenyewe. Sikuyasikia yote, nilikuwa natunga maoni yangu. Haya hapa, nimeshampelekea muuza vifaa:

"Ndugu yangu, darubini ni ya hali ya juu. Vioo safi, vifundo imara, haikukosa hata mara moja. Upungufu ni mmoja tu: kibao cha namba hakionekani. Hii ni kwa sababu nguvu yake haitoshi. Naomba uniazime ile kubwa zaidi, inayokuza mara mbili ya hii. Kesho naanza kazi shimoni, lakini mchana tuna mapumziko. Tafadhali nijibu mapema."