Kidonge Kimoja, Saa Moja Kabla

Jumatatu, 14 Novemba 1994

Leo nimekuwa mgonjwa rasmi! Daktari Reginald, mwenye zahanati mpya karibu na duka la Mama, amenisikiliza moyo, akauliza kama nina pumu (sina), akaniandikia propranolol. Jina refu, kidonge kidogo.

Nilimweleza yote. Jumapili sisi wanakipaimara tutaulizwa katekisimu mbele ya usharika mzima. Nikisimama mbele ya watu mikono hutetemeka na sauti hukimbia. Mwaka jana, kwenye shairi la shule, nilisema "Ndugu mgeni rasmi" mara tatu, nikaketi. Asiyejibu Jumapili havai gauni jeupe tarehe 27, siku ya kipaimara chenyewe. Anasubiri mwaka mzima.

Daktari amesema kidonge kimoja, saa moja kabla. Kwanza nijaribu kimoja nyumbani. Mama akauliza kama sitageuka mlevi wa vidonge. Daktari akasema dawa hii haimteki mtu. Siku isiyo na jambo nisimeze, basi. Mama alitikisa kichwa njia nzima.

Jumanne, 15 Novemba

Mazoezi ya kupanga mstari. Mwinjilisti Lemburis, mwalimu wetu, amesema tunapangwa kwa kimo, wafupi mbele, na swali linafuata nafasi kama kila mwaka. Wa kwanza amri ya kwanza, wa pili amri ya pili. Nilikuwa wa tisa. Maelezo ya amri ya tisa ni marefu! Nikakunja magoti kidogo ndani ya sketi. Sasa mimi ni wa nane, na Naisula, tunayekaa benchi moja, amesukumwa nafasi ya tisa. Amenitazama miguu. Yeye anakijua kitabu chote, jalada kwa jalada, kwa hiyo hajali.

Kitu kimoja tu alisema. Amesikia kuhusu dawa. Kwa maoni yake, anayemeza ujasiri leo, kesho ataonekana analia mlangoni mwa duka la dawa.

Jumatano, 16 Novemba

Majaribio. Nimemeza saa tisa. Saa kumi nikapanda juu ya kreti la soda dukani kwa Mama na kuwatangazia wateja amri ya nane: Usimshuhudie jirani yako uongo. Pamoja na maelezo yote. Mikono imetulia kama imepakwa saruji! Mama mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa aliitikia "Amina" na kusahau chenji yake.

Kwa dawa kama hii, sioni haja ya kuhangaika na kurasa nyingine.

Alhamisi, 17 Novemba

Siku nzima nimejichunguza kama nimetekwa. Nimeandika kila nilichotamani. Maandazi (saa mbili). Maandazi (saa nne). Raba za mitumba za Naisula. Kidonge, hapana. Maandazi niliyatamani hata kabla ya dawa, kwa hiyo siyahesabu.

Lakini kuna tatizo kubwa. Saa moja kabla ya nini? Nani anajua saa katika ibada yetu? Maswali huja baada ya matangazo, na matangazo yanasomwa na Mzee Philemoni, katibu wa usharika. Aliwahi kutangaza mbuzi aliyepotea Olmotonyi, rangi zake, tabia zake na watu aliowahi kuwapiga pembe. Nikimeza mapema, dawa itaniishia katikati ya mbuzi!

Nimepata mbinu.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Philemoni. Nikamwamkia, nikajitolea kunakili matangazo kwa mwandiko mzuri. Alifurahi mno. Akaniita mjukuu, akasema watoto wa siku hizi wanawaza biashara tu, kumbe wamo wenye moyo. Yalikuwa matangazo kumi na tisa. Nimenakili sita ya kwanza. Mengine sikuyasoma hata kidogo. Nani husikiliza tangazo la kumi na nne?

Mama amelichukua gauni kwa fundi. Jeupe, mikono ya puto. Baba amenunua beberu. Amefungwa nyuma ya nyumba na ananitazama kama mtu mwenye mashaka.

Jumapili, 20 Novemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne kamili, mwanzo wa ibada, nilimeza. Mgao wa umeme ukanisaidia: kinanda cha kwaya kikanyamaza, wakaimba nyimbo mbili badala ya tano. Mzee Philemoni akasoma matangazo sita, akageuza karatasi, akaigeuza tena, akaketi. Watu walitazamana. Saa tano na dakika tatu tukaitwa mbele. Moyo wangu ulikuwa kama punda aliyeshiba!

Mchungaji akaleta kikapu cha sadaka. Ndani kulikuwa na vikaratasi. Akasema, kama ilivyopaswa kutangazwa, mwaka huu kila mtoto ataokota swali lake.

Niliokota Meza ya Bwana.

Sikutetemeka. Nikajibu kwa sauti iliyofika hadi benchi la nyuma, pamoja na maelezo yote, amri ya nane. Mchungaji akarudia swali polepole. Nikamtazama machoni.

"Sijui, Mchungaji."

Kila neno lilisikika. Bibi mmoja alisema baadaye kwamba tangu abatizwe hajaona mtoto anayeshindwa kwa utulivu vile. Naisula alitetemeka hadi kikaratasi kikamponyoka mara mbili. Alijibu huku analia. Alijibu yote.

Nje, Mzee Philemoni alikuwa anamweleza kila mtu kwamba tangazo la saba lilihusu kikapu, na kwamba hajui lilikokwenda. Nilipita upande wa pili wa kanisa.

Jumatatu, 21 Novemba

Daktari Reginald ameuliza kama dawa ilifanya kazi. Nikasema kabisa. Akasema ndiyo, inatuliza mikono, lakini katekisimu haimo ndani yake. Mama alicheka mpaka akaishika meza. Sasa anaipenda dawa. Anasema mlevi pekee katika habari hii ni mimi, na pombe yangu ni ujanja.

Lakini kuna tumaini! Mchungaji amenihurumia. Jumamosi ataniuliza tena, ofisini kwake, wazee wawili wakiwepo. Kitabu chote. Gauni bado linaning'inia. Beberu bado anaishi. Naisula amekuja mwenyewe na kitabu chake, akasema tuanze ukurasa wa kwanza leo hii. Nimemshukuru kwa dhati. Nimejifunza: njia za mkato hazifai. Nitasoma kila siku, kuanzia kesho, au keshokutwa.

Kwa leo nimejitolea kufagia ofisi ya Mchungaji Ijumaa jioni. Amefurahi sana. Kitabu chake kina utepe mwekundu, na nimegundua kwamba huanza kuuliza pale ulipo utepe. Nitausogeza kidogo tu, hadi amri ya nane.

Ile naijua vizuri.