Mtumaji Bandia wa Gertrude

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu Muli ametangaza: mmoja tu wa klabu ya kompyuta ataenda mashindanoni Mombasa. Programu ni ile ya mahudhurio. Mwanafunzi asipofika shuleni, mzazi anapata meseji. Kila mtu ameandika yake, pamoja na majaribio ya kuipima. Majaribio ya Gertrude yamepita yote. Kijani tupu! Sekunde mbili! Yangu yalichukua dakika tatu, kisha mtandao ukapotea, yakawa mekundu. Mwalimu akampigia Gertrude makofi. Nami nilipiga. Polepole.

Jumanne, 13 Mei

Nimechungulia kazi yake. Kumbe! Programu yangu hujitengenezea mtumaji wa meseji humo humo ndani. Yake hukabidhiwa mtumaji kutoka nje. Siku ya kazi inapewa wa kweli; kwenye majaribio inapewa mtumaji bandia, ambaye hatumi chochote, anaandika tu kwenye orodha kile alichoambiwa atume. Bandia! Baba anauza chaja hapa Voi na neno hilo halitajwi dukani kwake. Nikaenda kumshtaki. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema Firdaus mama, huo si udanganyifu, ndiyo njia yenyewe, nawe fanya hivyo. Nikasema asante, Mwalimu. Sikumaanisha.

Jumatano, 14 Mei

Mpango: kuonyesha kwamba yangu inatuma kweli. Nimeweka kwenye majaribio namba ya Baba na ya mama yake Gertrude, wawe mashahidi. Nilisahau kwamba majaribio yangu huanza upya kila ninapohifadhi kazi. Nimehifadhi mara arobaini na moja. Mimi ni mtu makini.

Saa nane mchana mama Gertrude akaingia getini kwa bodaboda kutoka Rukanga, leso imejaa vumbi, akiuliza mwanawe amepotelea wapi. Mwanawe alikuwa dawati la mbele, kama kawaida. Akamkumbatia mbele ya darasa zima. Akamwachia ndizi. Kwa ajili ya meseji zangu!

Baba naye alipiga simu ofisini. Alisema kama sipo shuleni, basi nije nimshikie duka.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu Muli amesema mzazi mwingine akija mbio, mimi nje ya mashindano. Halafu nani akaja kunisaidia? Gertrude! Wee Firda, akasema, mbona unajitesa hivyo, programu ikabidhi mtumaji kutoka nje tu. Mistari mitatu. Kijani, sekunde mbili. Alieleza vizuri sana. Nilimchukia zaidi.

Alinikumbusha kwamba kesho, tutakapoonyesha programu mbele ya mwalimu mkuu, nimrudishe mtumaji wa kweli. Nikawaza: kwa nini anataka niondoe kitu ambacho hakijashindwa hata mara moja? Wivu tu. Bandia anabaki.

Ijumaa, 16 Mei

Madam Evelyn, mwalimu mkuu, alitoa namba yake tujaribie. Gertrude akabonyeza, simu ya Madam ikalia palepale. Mimi nikabonyeza. Kioo kikaandika: Ujumbe umetumwa. Simu kimya. Nikasema mtandao. Madam akasema mtandao upo, binti yangu, sasa hivi nimepokea salamu kutoka Taveta. Mwalimu Muli akafungua orodha ya bandia. Meseji ilikuwa humo, imeandikwa safi, hata nukta ipo.

Gertrude anaenda Mombasa. Mimi nimewekwa akiba, endapo hataweza kusafiri. Alinishika mkono akasema pole. Ana mikono laini pia.

Jumamosi, 17 Mei

Nimetulia. Nimefikiri. Nimekubali kwamba Mwalimu alisema kweli kuhusu vitu bandia. Kwa hiyo nimeandika jaribio dogo: Gertrude akiugua, nani anasafiri? Nimempa homa bandia, kutoka nje, kwa njia ile ile sahihi.

Kijani! Sekunde mbili!

Nimeshapiga pasi sare ya safari.