Uzinduzi wa Mlango wa Kuslaidi Nyumbani kwa Bibi Mwaija

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Makamu wa Makamu aliyetuma udhuru kwa sababu yuko shamba anafukuza ngedere, wazee wangu wa Mashewa, shikamooni (Marahabaa!), wageni wetu mliotoka Mazingara na Old Korogwe, mafundi, mama lishe, na wewe mwenye nyumba, Bibi Mwaija, mnufaika namba moja: mimi Laurenti, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Mpango wa Slaidi kwa Kila Baraza, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha ambayo kitaalamu haipimiki! (Makofi. Bibi Mwaija: "Mjukuu wangu, mvua inanguruma huko milimani. Mlango wangu uko wapi?")

Tutafika, bibi, tunakwenda kwa feezi, awamu kwa awamu. Utafiti wetu umebaini kwamba asilimia tisini na saba ya nyumba za hapa zina mlango, na asilimia tatu zilizobaki hatukuzikuta kwa sababu tulichoka (vicheko), lakini milango yote hiyo ni ya mbao, inakula nafasi, inamgonga mtu kisigino, wakati mlango wa kioo wa kuslaidi unateleza tu, swiii, unakaa barazani kwako unajiona uko hotelini! (Asnath, jirani: "Shemeji akipiga hodi tunakula, na kioo hicho tutajifanyaje hatupo?") Swali zuri sana! Kisera, shemeji akikuona na wewe ukamwona, unamkaribisha, na hiyo ndiyo transiparensi. (Asnath: "Na mboga ya hiyo transiparensi utaleta wewe?" Vicheko virefu.)

Twende kwenye kuchagua. Usinunue kwa rangi, jamani! Bonyeza fremu, aluminiamu ikipinda, iache hapo hapo. Kioo kiwe kile kigumu ambacho kikivunjika kinamwagika punje punje, hakikukati, vigurudumu vya chini viwe vya kubeba uzito, na loki ziwe mbili, maana mwizi naye anajua kuslaidi. Matunzo sasa: vumbi letu hili jekundu likijaa kwenye reli, mlango umegoma, kwa hiyo sugua reli kila wiki kwa mswaki wa zamani, zibua vitundu vya kutolea maji, na nawaombeni, msipake mafuta ya kula! (Mzee Mbaruku: "Hata ya nazi?") Hata ya nazi, mzee wangu, vumbi litaganda na sisimizi watafungua tawi. Na mahindi msianike kizingitini, punje moja ikikwama kwenye reli familia nzima inalala nje!

(Bibi Mwaija: "Mahindi yangu yako ndani, yataloa yote! Ulikuja na sururu, ukabomoa ukuta, ukasema mlango uko njiani. Nimebaki na turubai.")

Ni kweli, na najivunia! Nilibomoa kwa mikono yangu, na lile tundu ndiyo impakti yenyewe. Ngoja niingie niwaoneshe kwa upande wa mnufaika. (Anafunua turubai, anaingia. Mbuzi anamfuata.) Mmeona? Mbuzi kapita bila kugonga kioo! (Sauti: "Kioo kipi?")

(Matone yanaanza. Mwenyekiti anapiga filimbi ya msaragambo, kuita watu wote kwenye kazi ya pamoja. Fundi Habakuki anakoroga udongo, kina mama wanapitisha matofali yaleyale yaliyobomolewa, mkono kwa mkono.)

Hamasa hii naipenda sana, ila, fundi Habakuki, unamjengea mratibu ukuta usoni! Basi namalizia. Slaidi oyee! (Tofali.) Bawaba ziii! (Tofali. Tofali.) Shukrani zangu za dhati zimwendee mfadhili, ambaye tutaanza kumtafuta wiki ijayo, kiwanda cha vioo, ambacho kiwanja chake bado tunakiwaza, wajumbe wote wa bodi, ambao ni mimi, na Bibi Mwaija, aliyetoa ukuta wake kwa ajili ya mradi ambao, tukizungumza kitaalamu, haujawahi kuwepo, nililala tu siku moja kwenye hoteli ya Tanga nikauona mlango wao nikaupenda. Ahsanteni sana kwa... Habakuki, acha basi hata kadirisha!

(Bibi Mwaija, akipachika tofali la mwisho: "Pitia mlango wa uani, mjukuu wangu. Na umtoe mbuzi, asile mahindi.")