Sahani ya Shemeji

Jumatatu, 4 Mei
Profesa katangaza shindano! Mimi na shemeji, mdogo wake mke wangu, kila mmoja atunze sahani moja ya seli. Siku ya Alhamisi sahani zote mbili zitamwagiwa dozi kali ya madini ya chuma. Atakayebaki na seli hai nyingi Ijumaa atapewa ufunguo wa chumba cha hadubini mpya. Miaka sita naosha chupa maabara hii. Nautaka ufunguo huo mpaka roho inauma.

Jumanne, 5 Mei
Mke wangu mjamzito alipewa vidonge vya chuma kliniki. Wiki ya pili tu, leo kasukuma kabati la nguo peke yake! Nikapata wazo. Nimeanza kuzionjesha seli zangu chuma mapema. Tone moja. Na matano ya nyongeza.

Jumatano, 6 Mei
Seli zangu zimenywea kidogo. Haya za ugeni, nadhani. Shemeji alipokwenda kula, nikahamishia sahani yake kwenye kabati la joto la nyuzi arobaini na mbili. Seli zimezoea thelathini na saba. Saa nzima! Kisha nikairudisha. Shemeji akaniuliza mbona natabasamu. Nikamwambia nafurahi kuwa na shemeji kama yeye.

Alhamisi, 7 Mei
Dozi imemwagwa. Nimenunua mnyororo wa ufunguo.

Ijumaa, 8 Mei
Zangu zimekufa zote. Za shemeji, karibu zote hai! Profesa akaeleza: chuma kikizidi huunguza mafuta ya utando wa seli. Lakini seli iliyoonja joto kidogo hushtuka, hutengeneza protini za kujihami, na chuma kikija kinaikuta imejiandaa. Akauliza nani kaipasha moto sahani hii. Shemeji akaapa hajui lolote. Profesa akachapisha kumbukumbu za kabati, maana mlango wake hufunguka kwa kadi ya kazi. Kadi yangu, saa saba na dakika kumi. Akanishukuru kwa ugunduzi, akampa shemeji ufunguo. Niliumia sana. Nikampa na mnyororo, sikuwa na cha kuning'iniza.

Jumamosi, 9 Mei
Asubuhi shemeji kaja nyumbani, kasema yamekwisha. Hata mnyororo alitaka kunirudishia. Mtu mwema. Inaudhi!

Mchana nikapita maabara. Shemeji ana sahani mpya ya seli. Kosa langu nimeliona: joto. Joto ndilo lililoziokoa! Safari hii nimezipeleka kwenye friza. Mlango ukadai kadi. Nikaipitisha.