Wasifu wa Marehemu Mtarajiwa

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la chama cha mazishi cha mtaa, pale Gulele mjini Addis, na kabla kahawa ya Etagegn, mwenye kijiwe cha jirani, haijachemka vizuri, tayari lilikuwa na wapinzani. Kuanzia mwezi ujao, wasifu wa marehemu utakaosomwa makaburini utapelekwa kwa katibu kwa kompyuta, tena kwa faili ya kisasa. Karatasi hazipokelewi.

"Yaani nife, halafu nianze kutafuta intaneti," alisema Zenebe, akivuta kigoda chake kwenye nyasi zilizotandazwa kijiweni.

Wenzake walimwita Ambulensi, maana kila msiba hufika kabla ya ndugu. Miaka yote ndiye aliyesoma wasifu makaburini Addis upande ule, kwa sauti ya kwikwi iliyowaliza hata wapita njia. Tangazo lile lilimuuma kama amesemwa yeye. Karatasi aliijua: unaikunja, unaikunjua, unafuta jicho nayo. Kwenye kompyuta utafutia jicho wapi?

"Mimi wangu uko tayari," akasema Mzee Tilaye, ambaye wote humwita Gashe kwa heshima.

Alitoa mfukoni diski ya zamani, ile bapa ya mraba, imezungushiwa mfuko wa plastiki. Huyu alikuwa mpigachapa wa ofisi ya serikali mpaka akastaafu, na kijiweni jina lake lilikuwa Taipureta.

"Wasifu wa nani?" Zenebe akauliza.

"Wangu. Niliuandika mwenyewe, kompyuta za kwanza za Kiamhari zilipoletwa ofisini."

"Ulikuwa umekufa wakati huo?"

"Nilikuwa nimekusikia ukisoma. Ulimsoma marehemu Worku ukasema alikuwa mcha Mungu na alipenda watu. Worku alimpenda nani? Hata mbwa wake alihamia kwa jirani. Alhamisi napasuliwa ngiri, Zenebe. Nikibaki kule kitandani, sitaki unipake sukari ile ile unayompaka kila mtu. Nataka nisomwe mimi."

Zenebe akacheka kwa pua. Mtu mzima anaogopa ngiri, tena anajitungia sifa. Aliona kinyaa, na hakuficha.

"Diski hiyo haifunguki," akadakia Girma Satelaiti, ambaye ana madishi matatu juu ya paa na maoni zaidi ya hayo. "Nilishaijaribu kwangu uliponiazima. Nimekuta mabano, alama za dola, herufi za Kizungu zimelewa chakari. Nikajua ni virusi. Nikaisafisha."

"Uliisafisha vipi?" Tilaye akashtuka.

"Niliwasha dawa ya virusi. Ikasema haina tatizo. Ndipo nikajua virusi vyenyewe ni vikali."

"Ile siyo virusi, Girma, ile ni Kiamhari," alisema Hirut, akiwasili na kompyuta yake kwapani. Hirut ana duka la kuchapa na kutoa kopi, na dharau yake anaigawa bila kubagua. "Zamani kila ofisi ilikuwa na programu yake. Herufi zetu zilikalia viti vya herufi za Kizungu, na kila programu ilizikalisha inavyotaka. Ukifungua leo bila kujua nani alikaa wapi, unaona vurugu. Nashukuru niliinakili kabla Daktari Girma hajaanza matibabu."

"Na umeifungua?" Tilaye aliuliza polepole.

"Mara ya kwanza nilitumia jedwali la herufi lisilo lake. Ilitoka Kiamhari kitupu, ila hakuna neno hata moja linaloeleweka. Nikadhani ni hotuba ya waziri. Hizi programu zenu zenye picha ya simba zilikuwa mbili, Gashe: moja ya ofisini kwenu, na moja ya wale walioiba ya ofisini kwenu wakaichanganya ili wasijulikane. Yako ni ya wezi."

"Ofisini kwetu tulikuwa nayo hiyo hiyo," akasema Tilaye.

"Ndivyo nilivyosema."

Girma akaangua kicheko mpaka bisi za Etagegn zikamwagika. Hirut aligeuza kompyuta, na kioo kizima kilikuwa kimejaa maandishi safi.

"Sijasoma. Mambo ya marehemu siyachunguzi," akasema.

"Nipe mimi," Zenebe akasimama. "Msomaji ni nani mtaa huu? Ninausoma hapa hapa, neno kwa neno, tuone huo utukufu aliojipa. Gashe, lala chini usaidie."

Tilaye hakulala. Alipeleka mikono magotini.

Zenebe akakohoa, akaingiza kwikwi yake ya makaburini. "'Tilaye Habtewold alikuwa mpigachapa asiyerudia ukurasa. Hakuwa mchangamfu. Alivumilia marafiki.' Mnasikia? Alivumilia. 'Alimzika Girma, aliyeanguka kutoka kwenye paa lake akitafuta stesheni ya Waarabu, baada ya kumfukuza fundi.'"

Kicheko cha Girma kilikatika. "Mimi?"

"Usinikatize, nipo makaburini," Zenebe akasema, sasa anafurahi kweli. "'Kisha akamzika Zenebe, aliyegongwa na gari akikimbilia msiba usiomhusu. Siku hiyo hakupatikana msomaji, ikabidi Tilaye asome mwenyewe. Alisema Zenebe alikuwa mcha Mungu na alipenda watu. Hakulia mtu.'"

Kwikwi ilikwama. Zenebe alirudia mstari ule kwa macho tu, midomo ikicheza. Etagegn alijifanya anapuliza mkaa. Kilichomchoma Zenebe hakikuwa gari. Ni zile sifa za ucha Mungu na kupenda watu, maana alizijua zilikotoka, kinywani mwake, na ndiyo mara ya kwanza alizisikia zikisemwa juu yake.

"Umeniua," akasema, kwa sauti yake ya kawaida, isiyo na kwikwi wala mzaha. "Umetuua wote, tangu enzi za diski."

"Niliwakadiria, na tarehe nikawawekea," Tilaye akajibu. Akamgeukia Hirut. "Mwanangu, sasa ikiwa faili ya kisasa, inarekebishika?"

"Inarekebishika, Gashe. Tufute hayo ya hawa wazee?"

"Hapana, hayo yaache. Rekebisha tarehe tu, wamechelewa."